Kazi ya Anayeshika Saa

Sijawahi kuvunja rekodi ya dunia na sina mpango huo. Nilichofanya ni kukaa kando ya watu waliojaribu, kalamu mkononi na saa mezani, nikiandika walichofanya na walichoacha kufanya. Wengine humwita mtu wa aina hiyo shahidi, wengine mtunza saa. Kwenye fomu sisi ni jina, kazi, tarehe na sahihi, basi. Picha zikitoka hatumo, na sioni ubaya wake. Ila kutoka kwenye kile kiti nimeyaona mambo ambayo wahusika wenyewe huwa hawayasimulii, maana yalipokuwa yanatokea wao walikuwa na shughuli nyingine.

La kwanza: rekodi ni karatasi. Najua kauli hii inawaudhi watu wa mazoezi. Lakini mtu anaweza kuruka kamba usiku kucha chumbani kwake, akaipita idadi ya binadamu yeyote aliyewahi kuishi, na kukipambazuka akawa mtu aliyechoka tu. Alichofanya amekifanya, hakuna wa kumnyang'anya. Ila hakiingii popote.

Mfano ninaoutumia kila mtu anaponibishia ni wa Fauja Singh, mzee mwenye asili ya India aliyekuwa akiishi Uingereza. Oktoba 2011 alimaliza marathoni ya Toronto akiwa na miaka 100, akitumia zaidi ya saa nane. Umati ulimwona akivuka mstari. Pasipoti yake ilisema alizaliwa tarehe 1 Aprili 1911. Guinness World Records, wale wanaosajili rekodi za dunia na kuzitolea kitabu, hawakumsajili, kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na huko Punjab alikozaliwa mwaka huo vyeti havikuwa vikitolewa. Watu walikasirika kwa niaba yake, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hasira ile ilinipungua baada ya kukaa kwenye kiti cha shahidi, ingawa haijaisha yote. Yeye alimaliza kilomita 42 na ushee. Kilichokosekana ni karatasi ya karne iliyopita.

Mimi niliingia kwenye mambo haya kupitia rafiki yangu ambaye alitaka kuvunja rekodi ya kusoma kwa sauti bila kukoma. Si mtu maarufu. Ana kazi ya kawaida, ana sauti nzuri, na tangu utotoni amekuwa akiwasomea watu: bibi yake aliyepoteza macho, watoto wa majirani, wagonjwa. Siku moja akaniambia, "Ndugu yangu, mimi kitu kimoja tu najua kukifanya kwa muda mrefu. Nataka nijue ni muda mrefu kiasi gani." Nikamuuliza ananihitaji kwa lipi, maana mimi hata kuimba siwezi. Akasema, "Wewe una mwandiko unaosomeka na huna huruma." Sikujua kama nimesifiwa.

Tukaanza na maombi, na hapo ndipo watu wengi huishia. Ukitaka kusajiliwa na Guinness unajaza ombi mtandaoni. Anayetaka haraka huilipia haraka hiyo. Kisha unasubiri wiki nyingi, na ukikubaliwa unapewa kanuni za rekodi yako. Kanuni hizo si za kusoma mara moja. Zinaeleza nini kinahesabika, nini hakihesabiki, nani anaweza kuwa shahidi, video irekodiwe vipi, daftari la matukio liwe na nini. Wanataka jambo linaloweza kupimwa, linaloweza kuthibitishwa, ambalo mtu mwingine anaweza kulirudia kwa masharti yale yale na kulivunja. Ndiyo maana hakuna rekodi ya mama mwema kuliko wote au ya wimbo mtamu kuliko zote. Ukitaka kusifiwa kwa wema, nenda kwingine.

Wakati tunasubiri nilisoma kidogo kuhusu kitabu chenyewe cha rekodi cha Guinness, na nikafurahi kugundua kuwa chanzo chake ni ubishi. Novemba 1951, Sir Hugh Beaver, mkurugenzi wa kiwanda cha bia cha Guinness, alikuwa akiwinda ndege katika kaunti ya Wexford, Ireland. Akamkosa ndege mmoja, ukazuka mjadala: ndege yupi wa kuwindwa ana kasi kuliko wote barani Ulaya? Jioni wakapekua vitabu, jibu hawakulipata. Akawaza kuwa ubishi kama ule huenda unatokea kila usiku kwenye vilabu vya pombe, na hakuna kitabu cha kuumaliza. Kazi wakapewa ndugu wawili mapacha, Norris na Ross McWhirter, waliokuwa na ofisi ya kukusanya takwimu London, na toleo la kwanza likatoka Agosti 1955 likiwa na kurasa 198.

Sasa angalia hapa, maana kwangu hii ndiyo sehemu tamu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 6 Mei 1954, Roger Bannister alikimbia maili moja chini ya dakika nne kwenye uwanja wa Iffley Road, Oxford, mtu wa kwanza kufanya hivyo kwa kumbukumbu rasmi. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari, na asubuhi ya siku hiyo alikuwa hospitalini akiendelea na kazi zake. Mtangazaji wa uwanja alikuwa nani? Norris McWhirter huyo huyo. Alisoma matokeo taratibu kwa makusudi, akizungukazunguka na maelezo, na alipofika kwenye neno "tatu" umati ulilipuka, zile sekunde 59.4 zikamezwa na kelele. Mtu aliyekuja kuandika kitabu cha rekodi alianza kwa kushika karatasi ya mtunza saa. Wiki sita na siku chache baadaye, John Landy wa Australia akaipita rekodi hiyo huko Turku, Finland. Jina la Bannister kila mtu analijua. Majina ya walioshika saa Oxford, taja hata moja.

Jambo la Landy lilitugusa mapema kuliko tulivyotarajia. Tukiwa bado tunatafuta ukumbi wenye utulivu, tulisikia kuwa mtu wa nchi nyingine ameisogeza alama. Rekodi ya mtu mmoja kusoma kwa sauti huhesabiwa kwa siku na usiku wake, kwa hiyo kuongezwa saa kadhaa juu yake si jambo dogo. Rafiki yangu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Afadhali ameisogeza kabla sijaanza." Tukafanya hesabu upya.

Na hesabu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kwa rekodi za aina hii, zile za kufanya jambo moja kwa muda mrefu, kila saa moja kamili unayofanya inakupa dakika tano za kupumzika. Unaweza kuzitumia mara moja au kuziweka akiba. Ukisoma saa kumi na mbili mfululizo umejiwekea dakika sitini. Siku nzima ya saa ishirini na nne ni saa mbili tu. Humo ndani unakula, unakwenda msalani, unalala. Hakuna mapumziko mengine. Na huwezi kukopa: dakika ambayo hujaifanyia kazi si yako.

Watu wengi husikia habari ya Hilda Baci wa Nigeria na kukumbuka furaha tu. Mei 2023, Lagos, alipika kwa kusudio la kufikisha saa 100, na nchi nzima ilikuwa naye. Rekodi iliposajiliwa ilikuwa saa 93 na dakika 11. Karibu saa saba zilikatwa kwa sababu kwenye mojawapo ya mapumziko ya mwanzoni alizidisha dakika. Bado alikuwa ameipita kwa mbali ile ya Lata Tondon wa India, saa 87 na dakika 45, kwa hiyo akapata cheti chake. Baadaye mwaka huo huo Alan Fisher, Muireland anayeishi Japani, akatangazwa na saa 119 na dakika 57. Mimi niliposoma habari hiyo sikumfikiria mpishi. Nilimfikiria mtu aliyekuwa na daftari siku ile ya mwanzo, wakati wote bado wana nguvu, wanacheka, na dakika mbili tatu zinaonekana si kitu. Uchovu wa siku ya tatu humwogopesha kila mtu. Hatari yenyewe iko siku ya kwanza, watu wakiwa wachangamfu.

Kwa hiyo nilichora daftari langu kwa safu: saa ya kuanza, saa ya kusimama, dakika zilizotumika, akiba iliyobaki, sahihi mbili. Sahihi mbili kwa sababu mashahidi lazima wawe wawili kwa wakati mmoja, na kwa jaribio refu wanapokezana kwa zamu zisizozidi saa nne. Fikiria maana yake. Siku moja inataka watu kumi na wawili ukitaka kila mmoja akae zamu moja tu, na wanne hata ukiwabana. Wawe watu wasio na uhusiano wala maslahi na anayejaribu. Nilikuwa sijawahi kufikiria jinsi ilivyo vigumu kumpata mtu ambaye hakupendi kiasi cha kukupendelea, lakini yuko tayari kuamka saa nane za usiku akusikilize ukisoma.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa karibu mno kusaini kama shahidi wa jaribio lile, kwa hiyo nilipewa usimamizi wa daftari na ratiba. Ushahidi halisi, wa kutia sahihi, nilianza kwa watu wengine baadaye. Lakini tatizo kubwa halikuwa mimi. Lilikuwa mama yake. Alikuja siku ya maandalizi na kalamu yake mwenyewe, amevaa vizuri, tayari kwa kazi.

"Mama, samahani," nikamwambia, "ndugu wa damu hawaruhusiwi kuwa mashahidi."

"Mimi niliyemzaa ndiye nisiyeaminika?"

Nikajaribu kumweleza kuwa hakuna anayemtilia shaka, ni utaratibu tu, kwamba hata mkuu wa nchi akiwa baba yake angekataliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi nipeni kazi ambayo haitaki kuaminiwa."

Tukampa kazi ya kumwamsha. Tulidhani tumemliwaza. Kumbe tulikuwa tumempa kazi nzito kuliko zote ukumbini. Mtu akiwa na akiba ya dakika ishirini na tano, analala kumi na nane, maana lazima aamke, anawe uso, afike kitini na kutoa neno la kwanza kabla ya dakika kwisha. Mama alikuwa akisimama mlangoni na saa, akimwangalia mwanawe aliyelala kama aliyezimia, na dakika ya kumi na nane ikifika anamshika bega na kumwita kwa jina la utotoni. Hakuchelewa hata mara moja. Mara ya kwanza nilimwona analia huku anamwamsha. Baadaye alikuwa halii tena, na uso wake ulinitisha zaidi.

Kwenye ukumbi wenyewe kulikuwa na kamera mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee, na saa kubwa ya ukutani ndani ya picha ili wakati usomeke muda wote. Video isikatwe. Sentensi hiyo ya maneno mawili ilitugharimu usingizi mwingi kuliko jambo lolote: betri, kadi za kumbukumbu, waya wa umeme ambao kila mtu anaukanyaga. Kijana aliyekuwa na kamera hakuketi kwa raha tangu mwanzo hadi mwisho, na nikiulizwa leo nani alistahili medali ningemtaja yeye.

Usiku wa kwanza ulipita kwa maskhara. Usiku wa pili ndio ulionifundisha kitu.

Tulikubaliana kuwa shahidi mmoja atazame saa na msomaji, na mwingine awe na nakala ya kitabu kile kile akifuatilia kwa kidole. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri sauti ilikuwa bado ipo, macho yalikuwa wazi, lakini mtu mwenyewe alikuwa anaondoka na kurudi. Alirudia mstari. Aliruka mstari. Halafu akasoma sentensi nzima ambayo haikuwemo kitabuni. Ilikuwa sentensi nzuri, kusema kweli ilikuwa nzuri kuliko ya mwandishi, na aliisoma kwa mkazo ule ule, akahamia kwenye aya iliyofuata kama hakuna kilichotokea. Shahidi mwenye nakala aliinua kichwa. Mwenzake akanitazama. Mtu mmoja wa nyuma, mwenye nia njema kabisa, akaninong'oneza, "Si uache tu? Nani atajua?"

Nilisukuma daftari mbele ya mashahidi, nao wakaandika: saa, ukurasa, na sentensi yenyewe jinsi ilivyosemwa.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Si kwamba kamera ingetuumbua. Huenda hakuna ambaye angeketi kusikiliza saa zile zote neno kwa neno. Ila rafiki yangu alikuwa amejitia katika mateso ili apate jibu la swali moja, na mtu pekee ambaye angeweza kumharibia jibu hilo alikuwa ni mwenye kalamu anayempenda. Ukimwongezea sekunde kumi za huruma, umemwachia swali lile lile alilokuja nalo, na safari hii hata hajui kuwa hajajibiwa. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akisema kuhusu huruma yangu, na ndipo nilipojua kwamba anayo dhana kubwa mno juu yangu, maana kalamu ile nisingeweza kuishika mwenyewe kwa uthabiti wa wale watu wawili wasiomjua.

Kuna huruma nyingine ambayo sikuiacha, nayo ni ya kusimamisha. Kabla hatujaanza nilikataa kuchora safu hata moja mpaka tuandike ni dalili zipi zitamaliza jaribio bila mjadala, na nani mwenye neno la mwisho. Tulimweka muuguzi mwenye uzoefu, asiyejali rekodi wala kelele. Sababu yangu ilikuwa Randy Gardner. Mwisho wa mwaka 1963, kijana huyu wa miaka 17 wa San Diego, Marekani, aliamua kukesha kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule, na akakaa macho siku kumi na moja, saa 264 na dakika kadhaa. Rafiki zake ndio waliokuwa wakimzuia kulala, mpaka mtafiti wa usingizi William Dement wa Chuo Kikuu cha Stanford alipokuja kumfuatilia. Gardner alionekana amepona vizuri. Akiwa mzee alisimulia jinsi usingizi ulivyokuja kumkimbia miaka mingi baadaye. Wengine waliivunja rekodi ile baadaye, na mwaka 1997 Guinness wakaacha kuisajili kwa sababu ya hatari zake. Sidai kuwa kusoma kwa sauti ni kukesha kwa siku kumi na moja. Ila mtu anayesoma siku tatu kwa kulala dakika kumi na nane kumi na nane yuko barabara ile ile, kwa mwendo mdogo zaidi.

Halafu sauti. Hatukuwa tumeielewa sauti. Tulijiandaa kwa usingizi, miguu kuvimba, mgongo. Tulikuwa na maji ya uvuguvugu na mto wa kiti. Usiku wa tatu koo likaanza kufunga. Kwanza zilipotea sauti za juu, kisha akawa anasoma kwa mkwaruzo, kisha kwa pumzi. Mashahidi wakajikuta kwenye swali ambalo hakuna aliyekuwa amelitarajia: mnong'ono ni kusoma kwa sauti? Mmoja akasema anasikia kila neno. Mwingine akasema anasikia kwa sababu anayo nakala mbele yake. Wote wawili walikuwa wakweli. Kipaza sauti kilikuwa kinapokea hewa.

Yeye ndiye aliyeumaliza mjadala. Alifunga kitabu, akainua mkono, akaninyooshea kidole kisha saa. Nikamsomea saa, dakika na sekunde. Akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amebakiza muda mrefu kufikia alama, si wa kusema "kidogo tu", na akiba ya dakika kumi na mbili ambazo hakuzitumia. Muuguzi hakuwa amesema neno. Mashahidi wakasaini.

Mama yake akasogea mezani. "Imekwisha?" Nikamwambia imekwisha. "Kwa hiyo sasa sina maslahi yoyote hapo." Nikasema hana. Akachukua kalamu yake, akasaini chini kabisa ya ukurasa, nje ya safu zote, akaweka na tarehe.

Watu wa nje waliuliza maswali mawili: alipata shilingi ngapi, na kwa nini alishindwa. La kwanza lina jibu fupi: hata wanaovunja rekodi hawalipwi na Guinness. Unapata haki ya cheti, na rekodi nyingi hazichapishwi hata kitabuni kwa sababu hazitoshi humo. Mwenye kutafuta fedha atafute mfadhili, au kazi. La pili alilijibu mwenyewe sauti ilipomrudia: "Nilitaka kujua ni muda mrefu kiasi gani. Nimeandikiwa." Naye si mtu wa kujifariji kwa maneno. Bado huwasomea watu, sasa kwa saa za kibinadamu.

Tangu hapo nimeitwa na watu wengine, na nimekuwa na upendeleo wangu. Rekodi zinazoula mwili nazikwepa. Shridhar Chillal wa Pune, India, akiwa mwanafunzi mwaka 1952 aligombezwa na mwalimu kwa kumvunjia ukucha mrefu, akaambiwa hawezi kuelewa uangalifu unaotakiwa. Akaacha kukata kucha za mkono wa kushoto. Alizikata mwaka 2018, miaka 66 baadaye. Zote tano kwa pamoja zilikuwa na urefu wa sentimita 909.6, na mkono ule haukuweza tena kukunjuka. Amevunja rekodi, amemjibu mwalimu, lakini mimi nisingependa kuwa niliyeshika futi. Kwa upande mwingine yuko Ashrita Furman wa New York, ambaye mwaka 1979 aliruka ile miruko ya kufungua mikono na miguu mara 27,000, akaonja utamu, na tangu hapo ameweka rekodi zaidi ya 600 za kila aina ya kichekesho. Mtu huyo anacheza, na anayecheza hujua kuacha. Na wapo ambao hawakuomba: Charles Osborne, Mmarekani aliyeanza kwikwi mwaka 1922, ikaja kukoma mwaka 1990. Pale shahidi alikuwa mkewe, nadhani, na hakuna aliyemuuliza uhusiano.

Ninachokipenda zaidi sasa ni rekodi za dakika moja. Zinaonekana nyepesi. Kijana mmoja wa kuruka kamba alinijia akiwa na uhakika wa idadi yake. Rafiki zake walikuwa wamemhesabia kwa mdomo kwa miezi. Kwa kasi ile mdomo hauwezi. Ukijaribu kutamka namba zenye silabi nyingi unaachwa nyuma, kisha unakimbia kuifikia kamba, na katika kukimbia huko unaokota namba ambazo hazikurukwa. Tulimrekodi kwa video ya mwendo wa polepole, tukakaa wawili kila mtu na karatasi yake bila kuchunguliana, tukipiga mstari kila kamba inapopita chini ya nyayo. Tulipotofautiana tulirudia. Idadi ya kweli ilikuwa chini ya ile ya rafiki zake kwa kiasi cha kuumiza. Akaitazama video mara mbili, akasema, "Hapa na hapa sikuruka, nilitaka kuruka." Mwili huhesabu kwa ukarimu. Akarudi mazoezini, safari hii na kamera badala ya marafiki, na miezi kadhaa baadaye tukahesabu tena. Ushahidi umetumwa. Bado anasubiri jibu, na kila akinipigia simu huanza kwa kusema hanipigii kwa ajili hiyo.

Juzi binamu yangu naye amekuja. Anataka kupanga watu wengi wafanye jambo moja kwa wakati mmoja, na anataka niwe shahidi mkuu. Nimemwambia kwa umati anahitaji wasimamizi, kila mmoja na kundi lake dogo la kuangalia, maana wanaosimama bila kufanya huondolewa kwenye hesabu, na geti la kuingilia lihesabiwe kichwa kwa kichwa. Kuhusu mimi, haiwezekani, sisi ni ndugu. Amenuna. Anasema watu wa familia yetu tuna roho mbaya. Nimempa namba za simu za wale wawili waliokaa zamu ya alfajiri usiku ule wa pili, nikamsihi asiwanunulie chochote kabla hawajasaini, na kwamba betri za kamera azinunue mara mbili ya anavyodhani.